Nungunungu wa Baharini Mbele ya Baraza

Shauri la Rhobi lilianzia kwenye kwaya. Mke wa Mzee Nyangwine alitaka kuazima kitabu cha nyimbo, akachomoa daftari kwenye mkoba wa Rhobi badala yake. Ukurasa uliofunguka ulijaa vitu vyenye kichwa na mkia, vingi kama viluwiluwi, vyote vikielekea kwenye mduara mmoja mkubwa. Pembeni Rhobi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa polepole: Jinsi mbegu za kiume zinavyolitafuta yai. Ibada haijaisha, nusu ya Nyamongo ilikuwa na habari.

Jumamosi mchana akaitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Wazee walikuwa watano, na wasipoketi watatu, baraza haliwezi kuamua chochote. Mzee Nyangwine, mwenyekiti, alilishika lile daftari kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. Akasema Rhobi, yaani Mama Simon, achague. Aache masomo ya jioni, ambako wanawake na wanaume wanafundishwa uchafu kwenye dawati moja, au kesho asisogelee meza ya Bwana.

Rhobi alikuwa na miaka arobaini na saba. Tangu abatizwe hakuwahi kuikosa meza ya Bwana, hata mwaka ule alipomzika mumewe. Na masomo yale aliyaombea miaka kumi, akisonga ugali wa wachimbaji wa dhahabu huku anamwambia Mungu kwamba anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kabla macho hayajachoka. Kuambiwa achague kimoja kulikuwa sawa na kuulizwa akatwe mguu upi.

Mchungaji Oduol, mtu wa kupenda amani, alimwomba kwanza aeleze huo uchafu wenyewe ni upi.

Rhobi akaomba kimoyomoyo, akasimama, akaeleza kama Mwalimu Elieth alivyowafundisha. Kuna mnyama wa baharini, wa mviringo, mwenye miiba pande zote kama nungunungu aliyejikunja. Dume yuko kwenye jiwe lake, jike kwenye lake. Jike anaachia mayai majini, dume naye anaachia mbegu, basi.

"Hawagusani, wazee wangu," alisema. "Hata mkono hawapeani."

Mzee Machage alionekana kuwahurumia.

Rhobi akaendelea. Bahari ni kubwa na mbegu haina macho. Kwa hiyo yai linatoa kemikali kidogo, inasambaa majini kama harufu ya nyama inayochomwa. Mbegu inaogelea kwa kuzunguka, inaionja. Ishara ikizidi, inanyooka mbele. Ikipungua, inakata kona ghafla na kutafuta upya. Zinakuja maelfu. Ya kwanza ikishaingia, yai linajifunga, na nyingine zote zinabaki nje zikigonga ukuta.

Hapo simu ya Mzee Machage ikatetemeka mezani. Akaisoma chini ya meza, akakaa wima. Alikumbuka kwamba ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Hajamaliza kuufunga mlango, simu ya Mzee Waitara nayo ikatetemeka, na jino lake likaanza kumuuma. Mzee wa tatu hakuwa na simu. Aliutazama mlango waliotokea wenzake, akaomba ruhusa kwenda kujisaidia, akapitiliza choo hadi kijiwe cha bodaboda. Kutoka dirishani ikasikika sauti ya dereva mmoja akimwita mwenzake:

"Mura, Genkuru imetema. Washa twende."

Hapo hata Rhobi alielewa. Mwamba umetoa dhahabu kule machimbo ya Genkuru. Wazee waliobaki walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amelala tangu sala ya kufungua.

Mzee Nyangwine hakusoma simu yake. Aliinuka, akaizunguka meza mara moja, akaizunguka tena. Mara ya tatu, alipofika karibu na mlango, akanyooka. Sala yake ya kufunga ilikuwa na maneno saba, naye ndiye mtu ambaye sala zake hupooza chai. Lile daftari liliondoka naye mfukoni mwa koti.

"Mchungaji, nimetengwa?" Rhobi aliuliza.

"Amebaki mmoja, Mama Simon, naye anakoroma. Hakuna uamuzi."

"Na kesho?"

"Kesho uwahi. Sina mtu wa kupitisha trei ya mkate."

Usiku ule Rhobi aliwaombea wazee wake mmoja mmoja kwa majina, Mungu awarudishe salama. Hakuomba wapate kitu, maana hakujua kama ni halali, na Mwalimu Elieth alikuwa bado hajaifikia mada hiyo.

Jumapili kiti cha mbele cha wazee kilikuwa kitupu. Rhobi alipokea mkate, akalia kidogo, akafuta macho, akachukua trei. Alipofika safu ya nyuma akamkuta Mzee Nyangwine, aliyeingia kimya kimya wakati wa wimbo. Tope jekundu lilimfika magotini.

Rhobi alimsogezea trei. Mzee hakunyoosha mkono.

"Waliobaki nje," alinong'ona, "huwa wanafanywa nini?"

"Hawafanywi kitu, Mzee. Mlango umeshafungwa."

Mzee akatikisa kichwa. Kule Genkuru, alisema kwa sauti ya chini, aliyepata ni mmoja. Walipofika wengine alishazungusha miti na kuweka watu wenye mapanga, na wao, mamia kwa mamia, walikesha wakigonga miamba isiyo na kitu. Kisha akachukua mkate, akaingiza mkono mwingine ndani ya koti, akaliweka daftari juu ya benchi.

Rhobi alilifungua nyumbani. Ukurasa wa nungunungu wa baharini ulikuwa umekunjwa pembe, na alama nene ya kidole cha tope ilikaa juu ya sentensi moja: Ishara ikipungua, inakata kona.

Jumatatu jioni aliingia darasani mapema, akaomba kwanza kama kawaida yake, kisha akaazima kifutio. Tope lilikataa kutoka.