Mawimbi ya Sentimita Arobaini na Nne

Saa moja asubuhi Edina alipandisha bendera ya kijani, ya kuruhusu boti kutoka, kwenye kituo cha mawimbi ufukoni mwa ziwa, Ngumbo, akarudi kwenye kompyuta. Wiki nzima alikuwa akihangaika na moduli ya zamani ya kukokotoa mawimbi, iliyoandikwa na mtangulizi wake, marehemu Tobias. Kompyuta mpya ilikuja na toleo jipya la maktaba ya hesabu, ule mkusanyiko wa kanuni ambao moduli iliutegemea, moduli ikagoma kufunguka. Aliirekebisha mstari kwa mstari, akaikompaili upya, na leo ilikuwa imekubali. Kimo cha mawimbi: sentimita arobaini na nne.

Ndipo akaona onyo chini ya skrini: nambari imefurika.

Boya la kupimia lilikuwa limesoma sentimita mia mbili huko katikati ya ziwa. Programu iliongeza mia moja kwa ajili ya upepo. Maktaba ya zamani ingeipanulia nambari nafasi yenyewe. Hii mpya iliiacha kwenye nafasi yake ndogo, ambayo mwisho wake ni mia mbili hamsini na tano, na kilichozidi kikahesabiwa upya kuanzia sifuri. Yalikuwa mawimbi ya mita tatu.

Alitoka mbio. Boti ya mvuvi Protasi na wenzake wawili ilishaondoka. Ya Damiano, yenye watu sita, ilikuwa ikisukumwa majini.

"Mzee Damiano, rudini! Nimekosea bendera!"

"Binti, ziwa si hili limetulia?"

"Upepo wa mwera unakuja!"

"Sukumeni," Damiano aliwaambia watu wake.

Kwenye banda la kukaushia dagaa wa usipa kulikuwa na shoka la kuni. Edina alilichukua, akaingia maji ya mapaja, akapiga ubavu wa boti. Pigo la kwanza liliteleza. La pili lilipasua ubao, la tatu likafungua tundu. Damiano alimkamata nywele, akamshindilia ngumi ya mdomo, akarudia. Meno mawili yaling'oka. Walimburuta hadi mchangani, wakampiga mateke ya mbavu, na mmoja akamkanyaga mkono mpaka akaachia shoka.

Walikuwa bado wanampiga upepo ulipofika. Wimbi la kwanza liliinua boti iliyotoboka na kuivunjia kwenye mawe.

Maiti ya Protasi ilipatikana siku ya tatu. Wenzake hawakuonekana.

Damiano alimfuata Edina hospitalini Mbinga, akasimama miguuni pa kitanda.

"Uliniharibia boti."

"Ndiyo, mzee."

"Na Protasi je?"

Edina aligeukia ukutani, akalia kwa maumivu ya mbavu na ya bendera ile. Damiano alivuta kiti, akakaa, na hakunyanyuka mpaka muuguzi alipomwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.