Kosa la Ukuta wa Tanuri

Jamani, kuna watu wanaoweza kugombana hadi mmoja akahama nyumba, na bado wakagawana meza moja kazini. Mhandisi na mumewe, ambaye ofisi nzima humwita Profesa kwa utani, ndio hao. Mimba ilipotoka, mume kesho yake akaamkia kazini. Mke akafunga virago, akahamia kwa dada yake. Sasa walisemezana habari za tanuri tu.

Tanuri lenyewe lilikuwa la kuchomea vigae. Joto la ndani lilijulikana, la nje pia. Kazi yao ilikuwa kukokotoa joto la katikati ya ukuta. Kompyuta huugawa ukuta kama wavu wa matundu madogo, ikakisia joto la kila tundu, ikafuta makosa madogo madogo. Yale yaliyoenea ukuta mzima huyapandisha kwenye wavu wa matundu makubwa, yakapungua upesi, kisha inashuka tena. Kila mzunguko jibu lilitakiwa kutulia. Wapi! Lilizidi kuruka.

Mke akavuta kiti, akasoma programu ya mumewe, akaguna.

“Kule juu, kwenye matundu makubwa, unapeleka kosa peke yake.”

“Si ndivyo inavyofanywa?”

“Kwa tofali la kawaida, sawa. Hili hupitisha joto kadiri lilivyo la moto. Kosa la digrii mbili penye baridi si sawa na la digrii mbili penye moto. Beba na jibu lote ulilofikia, ndipo kosa lieleweke.”

Mume akarekebisha. Kosa likashuka, likashuka tena, mpaka wakasahau kununiana. Kisha mume akasema polepole, “Na wewe kwa dada yako ulipeleka kosa langu peke yake.”

Mke alitaka kumpa jibu la kumkata maini. Lakini akakumbuka. Dada hakuambiwa nani alifua yale mashuka ya damu, wala nani alimlisha uji kijiko kwa kijiko. Aibu ikamshika, na hasira bado ipo.

“Lakini kwa nini ulikwenda kazini, mume wangu?”

“Nilikuwa nalia bafuni, ukaniita, nikafuta machozi, nikakimbilia kazini. Niliogopa ukiniona hivyo utaanza kunibembeleza mimi.”

Mke akamshika mkono palepale, watu wakitazama.

“Mjinga wewe,” akasema, machozi yakimtoka. “Siku zote hizi nilidhani mtoto alikuwa wangu tu.”