Wenzangu wa Kikundi cha Nne

Mimi si mtu wa kuandika-andika, na niliwaambia hivyo tangu mwanzo. Kuongea naongea, tena ukinichokoza utajuta, lakini kukaa nadonoadonoa simu kama kuku kwenye mchele, hapana. Kilichoniingiza kwenye masomo ya mtandaoni ni cheti. Mkuu wa chekechea yetu alituita jikoni, mimi na mpishi, akasema utaratibu umebadilika: muhula huu ukiisha, anayeshika watoto bila cheti cha ulezi atakaa nyumbani. Alisema hayo huku anaangalia masufuria. Mpishi akashusha pumzi, maana yeye anashika miiko. Anayeshika watoto ni mimi.

Nimewashika tangu binti yangu mwenyewe akiwa wa kubebwa. Najua nani halali mpaka asuguliwe mgongo, na nani akinyamaza chooni ujue anakula sabuni. Wananiita Bibi Kikombe, kwa sababu vikombe vyote ni vya bluu na mimi peke yangu ndiye ninayejua kipi ni cha nani. Sasa niambie, mtu kama mimi nikikaa nyumbani nitamsugua nani mgongo?

Basi binti yangu akaniandikisha. Masomo yenyewe yako kwenye simu, kwenye kitu wanachokiita jukwaa. Unasoma, halafu mnajadiliana. Mimi nikawa nasoma, kujadiliana najadiliana kimoyomoyo. Siku moja mratibu wa masomo akanipigia, mama mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mama, tunakuona unasoma tu, huchangii. Ukikaa kimya unawanyima wenzako."

Mimi, kumnyima mtu! Sijawahi kuitwa mchoyo maishani mwangu. Akaniambia amenitia kwenye Kikundi cha Nne, watu wanne tu, na walimu hawaruhusiwi kuingia humo ili tuwe huru.

Niliingia mchana, watoto wakiwa wamelala kwenye mikeka. Nikawakuta watatu. Kulikuwa na Baba Mapacha, mtani balaa. Kulikuwa na Mama Maua, mwanamke aliyeachwa na mumewe akabaki na bustani. Na kulikuwa na kijana anayejiita Mtoro, ambaye kila zoezi alikuwa na sababu ya kutolifanya.

"Karibu, mama," akaandika Baba Mapacha. "Usituchungulie dirishani, ingia ukae."

Nikaandika: "Nimeingia. Kiti kiko wapi?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka peke yangu katikati ya watoto waliolala, nimejiziba mdomo kwa khanga.

Jamani, nilinogewa. Nilikuwa na mtoto mmoja anang'ata wenzake, tumemwita Meno, na mkuu alishaanza kusema arudishwe kwao. Nikalipeleka suala kikundini. Baba Mapacha akasema mpe karoti. Mama Maua akaniambia niache kutazama anamng'ata nani, nitazame anang'ata lini. Mtoro, yule yule mvivu, akauliza: kuna mtu anaondoka pale? Nikatazama. Kweli bwana! Meno alikuwa anang'ata jioni, lango likifunguliwa na wenzake wakianza kuchukuliwa, kwa sababu yeye ni wa mwisho kila siku. Nikaanza kumpakata kabla lango halijafunguliwa. Akaacha. Nilipowaambia kikundini, shangwe yake ungesema tumeozesha mwali.

Ikawa mchana haufiki. Mama Maua nilimweleza habari za marehemu mume wangu, mambo ambayo hata binti yangu hayajui. Mtoro nilimgombeza mpaka akaleta mazoezi yake, na kila siku nilimuuliza, "Umekula?" Naye kila siku alijibu, "Bado, mama." Mtoto wa watu, roho ikawa inaniuma.

Mwisho wa masomo ikaja amri kutoka makao makuu. Kila kikundi kije chenyewe, ana kwa ana, kieleze kazi yake mbele ya msimamizi, na kisichotimiza watu watatu hakipimwi. Wengine labda waliogopa. Mimi nilifurahi kama mjinga. Nilivaa gauni langu la harusi za watu. Nikachemsha mayai, nikayafunga kwenye kibakuli kwa ajili ya Mtoro.

Binti yangu akaniangalia. "Mama, unakwenda kwenye mtihani au unakwenda kuchumbiwa?"

"Nakwenda kuonana na wenzangu," nikamwambia. "Toka hapa."

Nilikuwa sijafika hata mlangoni pa ofisi yao simu ikaanza kulia. Baba Mapacha: mapacha wana homa, ninyi watatu mnatosha, nendeni. Mama Maua: nimeteleza bafuni, ninyi watatu mnatosha. Mtoro: nimekosa gari, mama, ninyi watatu mnatosha. Nikasimama pale uani nasoma na kurudia. Mbona wote kwa pamoja?

Ndani kulikuwa na msimamizi, baba wa makamo mwenye tai, na pembeni walimu watatu wamekaa meza moja, simu zao mbele yao. Mratibu nilimjua kwa sauti. Mwingine alikuwa mwanamume mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, na wa tatu msichana mwenye miwani mikubwa.

"Wenzako wako wapi, mama?" akauliza msimamizi.

"Wamepatwa na dharura. Nipe dakika, nawaita."

Nikaandika: "Jamani nawaombeni, wawili tu waje. Gari nitalipa mimi. Mtoro, nimekuletea mayai."

Simu tatu zikalia pale mezani. Zote kwa pamoja.

Nikadhani ni mambo yao ya kikazi. Nikaandika tena: "Mpo?" Zikalia tena. Walimu hawakunitazama mimi, walitazamana wao kwa wao, macho yamewatoka. Msichana wa miwani akamgeukia wa masharubu, akamuuliza polepole, "Wewe ni nani mle?"

"Mama Maua," akasema.

"Mungu wangu. Mimi Baba Mapacha."

Mratibu alikuwa amejifunika uso. Sikuhitaji kumuuliza, ila nilimuuliza. "Mtoro?" Akatikisa kichwa kukubali.

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikaona aibu, aibu ya kumwaga machozi mbele ya mlango ukidhani kuna mtu ndani. Nikamgeukia yule wa masharubu, maana yeye ndiye niliyempa siri zangu. "Na mume aliyekuacha?"

"Ni mke ndiye aliyeniacha," akasema, hanitazami. "Mengine yote ni kweli."

Mratibu ndiye aliyeeleza. Watu wanajiandikisha, halafu wanapotea. Kikundi kisipoongea kinafungwa, na walimu wake wanaondolewa. Kila mmoja wao aliingia kwa siri, kwa jina la bandia, kuchangamsha, na kila mmoja aliamini wengine wote ni wanafunzi.

"Tulifurahi sana, mama," akasema msichana wa miwani, anafuta miwani yake kwa pindo la nguo. "Mimi nilidhani hatimaye nimepata wanafunzi watatu."

"Umempata mmoja," nikasema. Kisha nikamgeukia msimamizi. "Baba, kazi yote ninaijua. Niulize mimi."

"Sina shaka unaijua," akasema, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. "Lakini kikundi ni wewe peke yako, na mtu mmoja sina namna ya kumpima. Jaribu mwakani."

"Mwakani! Muhula unaisha Ijumaa!"

Hapo ndipo nilipowapasha. Niliwaambia, mtoto wa miaka mitatu aking'ata wenzake najua la kumfanya, ninyi niwafanye nini? Niliwaambia waje wanitafutie wa kumsugua mgongo. Nikaliweka bakuli la mayai mbele ya mratibu. "Kula. Kila siku unasema hujala." Akaanza kulia. Sikumngoja amalize, nilikuwa na watoto wa kulaza.

Ijumaa ilifika. Aliyekuja badala yangu ni msichana msafi, ana cheti chake kwenye bahasha ya plastiki, sina ubaya naye. Nilimwonyesha vikombe kimoja kimoja mpaka nikaona anapiga miayo. Halafu nikamwambia habari za Meno, kwamba kabla lango halijafunguliwa ampakate, basi, hana neno.

"Tulifundishwa tusiwazoeshe kupakatwa," akasema.

"Huyu mpakate."

"Sawa, mama," akasema, sauti ile ya kumfukuza mtu kwa heshima.

Nikavua aproni, nikaitundika. Meno alikuwa amesimama katikati ya chumba ananitazama. Sikumuaga. Ningemuaga nisingetoka. Nikatoka langoni kabla mzazi yeyote hajaingia, na sikuwa nimevuka hata barabara niliposikia mtoto analia kule ndani, kilio kile kikali cha aliyeng'atwa, halafu sauti ya mkuu inapanda.

Nilisimama. Mkono ukaenda wenyewe kwenye simu, mazoea tu, hakuna mwingine ninayeweza kumweleza akanielewa. Nikafungua Kikundi cha Nne, nikaandika: "Meno ameng'ata tena."

Alama ikaonyesha mmoja amesoma. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Nikangoja pale kando ya barabara mpaka mwanga wa simu ukazima, nikaiwasha tena. Wote walikuwemo, na hakuna aliyeandika kitu.