Mtoto wa Kike Harithi

Kikao cha kumaliza matanga ya Gaudensi kilifanyika Mfaranyaki, Jumamosi moja ya Agosti 1993, saa nne asubuhi, uani kwa kaka yake Pankrasi. Ajenda zilikuwa mbili: nani kamuua Gaudensi, na Beata, bintiye wa miaka tisa, abaki na nani. Binamu yao, Mwalimu Isidori, aliandika muhtasari.

Mjane, Kunegunda, alikaa mkekani na karatasi ya daktari wa Peramiho. Akaieleza kama alivyoelezwa: damu ya Beata ina mafuta kupita kiasi, vile vinundu vya njano viwikoni mwake ndiyo mafuta yenyewe, na ameyarithi kwa baba yake. Asipotunzwa, mishipa ya moyo itaziba kama ilivyoziba ya baba. Kunegunda aliomba jambo moja tu, aondoke na mwanawe awe anampeleka kliniki.

Pankrasi alicheka. Tangu biashara iruhusiwe alikuwa akiuza mafuta ya kupikia kwa madebe.

"Miaka ya foleni tulikula mboga za kuchemsha tukiyalilia mafuta. Leo yamepatikana, ndiyo yanaua? Halafu shemeji, mtoto wa kike harithi. Shamba harithi, baiskeli harithi. Damu atairithije?"

Wazee wakaafiki, maana hoja ilikuwa imenyooka. Ujinga ukivaa desturi huheshimiwa kuliko padri.

Hapo Gaudensi akaingia kwa mlango wa uani, amevaa suti aliyozikiwa, magoti yana udongo mwekundu. Akawaamkia wakubwa shikamoo, wakaitikia marahaba, wakamsogezea kigoda na kikombe cha togwa. Hakunywa. Alifungua vifungo vya shati, akafungua na kifua, akavuta mshipa mmoja na kuukamua juu ya sahani. Ukatoka uji mweupe mzito, ukaganda hapo hapo.

"Hakuna aliyeniroga," alisema. "Baba alikufa na hii. Kaka, hata wewe unayo. Mpeni Kunegunda mtoto wake."

Pankrasi akateremsha mikono ya shati lake mpaka ikafunika viwiko. Isidori akauliza kama maneno hayo yaingie kwenye muhtasari. Wakajadiliana kidogo, wakakubaliana kwamba marehemu huzungumziwa, hazungumzi. Isidori akaandika: "Marehemu alihudhuria." Gaudensi akasubiri, akaona hasikilizwi, akajifunga vifungo na kurudi makaburini kwa miguu.

Mke wa Pankrasi alikuja kuchukua sahani. Kwa kuwa mafuta hayatupwi, aliyakwangulia kwenye sufuria ya mbuzi.

Kabla ya chakula uamuzi ulisomwa. Kunegunda alimroga mumewe, aondoke sasa hivi. Mtoto ni wa ukoo. Beata akapewa nyama kwanza, kwa kuwa ni yatima, vipande viwili vinono, na baba yake mkubwa akamsimamia mpaka akamaliza. Wote walisifu mchuzi.

Mama yake alipofika barabarani na kibegi chake, Beata alichomoka kumkimbilia. Hakufika mbali. Kwenye ua wa jirani alichuchumaa, mkono kifuani, midomo imepoteza rangi. Kunegunda aligeuka ili arudi, lakini vijana wawili wa ukoo walikuwa wameshamshika. Alipiga yowe ambalo mpaka leo inauma kulisimulia.

Pankrasi alikuwa akifyonza uboho. Alimtazama mtoto kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mwoneni," alisema. "Uvivu huo kautoa kwa mama yake."