Redio na Jasusi wa Nyumba ya Wapangaji

Katika chumba cha vifungo kiwandani hakuna cherehani hata moja. Wanawake kumi na wawili huzunguka meza ndefu, wakishona vifungo vya sare kwa mkono, na kwa kuwa sindano haina kelele, mmoja wao huwasomea wenzake kitabu. Anayesoma hashoni, vifungo vyake hugawanywa, vichache kwa kila mtu. Kwa miaka minane msomaji alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito isiyokauka, wakambandika jina la Redio, na mwenyewe akalipokea vizuri tu.

Msimu huo walikuwa na riwaya ya zamani ya kijasusi, ile ambayo kila mtu ameisikia ikisifiwa na wachache wameimaliza. Ni wakati wa vita. Kuna nyumba yenye wapangaji saba, na humo kuna mtu anayempelekea adui habari za treni za jeshi. Treni zinalipuliwa. Nani anauza siri? Hapo ndipo maneno yalipozidi vifungo. Mpiga pasi, mwanamke asiyekubali kushindwa hata na hali ya hewa, alishika lake tangu sura ya pili kwamba ni mama mwenye nyumba. "Mtu anayejua kila mpangaji kaingia saa ngapi huyo si mwenye nyumba, huyo ni mpelelezi," alisema. Mshona matundu ya vifungo alimshuku daktari, kwa sababu ana adabu kupita kiasi. Mwanamke wa tatu, aliyekaa dirishani, alikerwa na kitabu kizima. Watu wanakufa huko, alisema, na mwandishi anatuelezea mapazia.

Redio alikuwa na lake rohoni. Tangu sura ya tisa hakuwa ameona mstari hata mmoja. Watu aliwaona, mlango aliuona, lakini herufi zilikuwa ukungu mtupu, na miwani mipya haikufua dafu. Aseme? Msomaji aliyeshindwa kusoma hurudi kwenye sindano, na asiyeona herufi ataonaje tundu la sindano? Wangemrudisha nyumbani, akakae peke yake na kuta nne, na hilo alilihofia kuliko upofu wenyewe. Basi akajikaza kisabuni. Kila asubuhi alifungua kitabu, akatunga. Sura ya kumi akatunga, ya kumi na moja akatunga, wapangaji akawapa wachumba na maradhi, na kurasa akazifunua kwa wakati wake kama kawaida.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya kitabu hicho akaletwa mshonaji mgeni, mwanamke mpole wa maneno machache. Alisikiliza robo saa, kisha akasema, "Hiki nilikisoma shuleni. Mara mbili."

Jioni ile Redio alimwendea shemeji yake, bwana anayejigamba kuwa hakuna kitabu asichokijua, akamuuliza jasusi alikuwa nani. Shemeji alijikuna kisogo weee, akasema ni mtu mmoja hivi, mrefu. Msaada gani huo, jamani! Siku tatu Redio alisoma roho juu, akingoja mgeni ainue kichwa na kumuumbua. Mgeni akashona tu.

Ijumaa kitabu kilipaswa kwisha. Redio aliamua kumtwika kosa mama mwenye nyumba, ili akiumbuka awe angalau na mpiga pasi upande wake.

"'Mama mwenye nyumba akaweka funguo zote saba mezani,'" alisoma, macho ukurasani. "'Akasema, nimechoka kulinda milango ya watu.'" Akakifunga kitabu.

"Nilisema mimi," alisema mpiga pasi. "Sura ya pili."

"Daktari nimemwonea," alisema mshona matundu. "Lakini hayo ya funguo yamenigusa, sitaki uongo."

Mwanamke wa dirishani alikiri kwamba nusu ya pili imechangamka, afadhali mwandishi kaachana na mapazia. Kisha mpiga pasi akamgeukia mgeni. "Wewe uliyekisoma mara mbili. Mwisho si ndio huo?"

Mgeni alikata uzi kwa meno.

"Ndio huo," alisema. "Ila hapa umesomwa vizuri zaidi."

Kengele ilipolia, msimamizi wa chumba alimwomba Redio abaki. Redio akajua yamekwisha, akaanza kukusanya miwani na mtandio wake.

"Jumatatu unaanza kitabu gani?" aliuliza msimamizi.

"Sijachagua."

"Chagua utakacho. Ila mgeni ndiye akutolee kabatini. Tangu Jumanne unatusomea ukiwa umeshika kitabu cha Kanuni za Kiwanda."

Redio alikipapasa kitabu. Unene ule ule, ukubwa ule ule. "Nani mwingine anajua?"

"Dada, wewe unatazama kurasa. Jalada tunalitazama sisi." Msimamizi alivuta kiti. "Na mgeni ameninong'oneza kwamba kitabuni ni daktari. Tumekubaliana mshona matundu asijue, maana humu hamtakalika."

"Na mpiga pasi?"

"Yeye ndiye aliyeliona jalada wa kwanza. Akatuambia atakayecheka atashona vifungo vyako vyote peke yake."

Redio alikaa, akalia bila kujificha, na msimamizi akamngoja amalize.