Niko Tu

Swali la kumi na moja la hojaji yetu ya afya ya akili ya vijana nililitafsiri mwenyewe, na nililipenda kuliko yote: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umehisi umenaswa?" Kule Homa Bay, mwalimu ambaye hakuwa ameiona hojaji ya Kiingereza alilirudisha katika lugha hiyo, likatoka neno kwa neno kama lilivyoingia. Daktari Nyanchoka, msimamizi wetu, akagonga meza kwa furaha. "Hili limekaa, Celestine. Lisiguswe tena."

Wiki iliyofuata nilikuwa Kehancha, nimekaa kwenye kigoda uani kwa kina Nyangi. Ana miaka ishirini na mmoja. Aliitwa chuo cha ualimu mwezi uleule baba yake alipopooza. Mama alishafariki, kaka zake wako mbali. Kwa miaka miwili sasa yeye ndiye anayemlisha baba, kumwosha na kumgeuza kitandani, na barua ya chuo imekunjwa ndani ya Biblia. Mimi ni Mjaluo wa Rodi Kopany, yeye Mkuria, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo sote wawili tuliikuta shuleni.

"Ni mara ngapi umehisi umenaswa?"

Akaacha kuchambua mboga, akacheka. "Kunaswa na nani, madam? Mimi sipitishi sukari ya magendo mpakani Isebania! Muulize mjomba, yeye ndiye amenaswa mara mbili mwaka huu."

"Si na polisi. Moyoni."

"Kama sijafanya makosa, nitanaswaje? Andika hapana."

Sheria yetu hairuhusu kufafanua zaidi. Nikazungushia sifuri. Nilipojumlisha, alikuwa na tisa. Anayefikisha kumi hupelekwa kwa Motari, mshauri wetu wa pekee, aliye Migori mjini. Mwenye tisa hushukuriwa na kuagwa.

Ningezungushia moja tu, angepita. Hakuna ambaye angejua. Kalamu ilikuwa mkononi, naye alikuwa ameinamia mboga zake. Lakini jibu lile lilikuwa lake, na kosa lilikuwa langu. Nikafunga faili.

"Lakini wewe mwenyewe, Nyangi," nilimuuliza nikiinuka, "uko aje?"

Akatazama mlango wa chumba cha baba yake. "Niko tu."

Nilijua maneno hayo. Nilimaliza chuo kikuu, nikakaa nyumbani mwaka mzima, joho limetundikwa kwenye msumari, na kila aliyenisalimu nilimjibu hivyohivyo. Huumwi, wala huwezi kusema hujambo. Uko tu.

Nikayapeleka Homa Bay.

"Ukiyarudisha kwa Kiingereza yanabaki nini?" Daktari Nyanchoka aliuliza. "Mtu yupo. Basi."

"Yupo, hawezi kwenda, na hakuna aliyemfunga. Ndiyo maana yake."

"Na lile lako zuri?"

"Vijana wa mpakani wanalisikia kama swali la polisi, daktari. Nilikosea."

Alivua miwani, akaisugua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaniruhusu kulijaribu swali kwa maneno mapya kwa vijana ishirini, Nyangi akiwa mmoja wao.

Safari hii nilimsomea polepole: "Ni mara ngapi umeona uko tu, huendi mbele wala hurudi nyuma?"

Hakucheka. Ndani, baba yake alikohoa.

"Hiyo umeambiwa na nani?"

"Na wewe."

"Andika kila siku," akasema. "Kila siku."

Nikazungushia tatu. Jumla ikawa kumi na mbili. Nilifurahi kama mtoto. Nikamweleza habari za Motari, Alhamisi, saa nne asubuhi, Migori. Alisikiliza akijifuta mikono kwenye leso.

"Na baba atabaki na nani?"

Katika maswali yote ishirini na manne, hilo halikuwamo. Nikampigia Motari simu nimwombe aje yeye. Alikuwa na watu mlangoni, hawezi kutoka. Nikaitia simu mfukoni.

"Nitabaki naye mimi," nikasema.

"Wewe? Unajua kumgeuza mgonjwa?"

"Nifundishe."

Akanicheka, kisha akaona sitanii. "Unaanzia bega. Usivute mkono, unamuumiza."

Alhamisi alivaa viatu vya kufunga. Alifika kwenye bodaboda, akarudi kuniambia kuhusu uji. Akarudi tena kuhusu mto wa kichwani. Mara ya tatu alisimama tu mlangoni.

"Sista, tunaenda ama hatuendi?" mwenye pikipiki akaita.

Akaenda.

Mzee aliusikiliza mlio wa pikipiki mpaka ukapotea, kisha akanigeuzia jicho lake moja zima. Mkono wake usiopooza ulikamata shuka.

"Ameenda Migori, mzee," nikamwambia. "Atarudi saa nane."

Vidole vyake vikalegea. Nilikuwa nimetaka kumtuliza, na alitulia. Mimi ndiye niliyebaki nikilisikia neno lile: atarudi, palepale.

Nikaanzia bega, kama nilivyofundishwa.