Mjomba wa Prensi Anaingia Saa Ngapi?

...mtoto wa pekee, amesema mtoto wa pekee, nimemsikia mimi mwenyewe, mama yake Prensi, yule mwana wa mfalme kwenye filamu, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba hana kaka wala dada, na mimi mwenye mikro mkononi badala ya kutafsiri nimekohoa, nimekohoa kama mtu aliyepaliwa na pilipili, bahati yangu sauti ya filamu huwa tunaiteremsha ili mfasiri asikike, aliye karibu na spika ni mimi peke yangu, hakuna mwingine aliyesikia, na sasa farasi wameanza kutembea kwenye theluji, hakuna anayesema, muziki tu, asante Mungu kwa farasi, tembeeni, msifike... lakini mama asiye na kaka, mwanawe atampata wapi mjomba, na ukumbi mzima wa video, Kasongo yote iliyobanana humu kwenye mabenchi, imekuja kumwona mjomba, jinsi alivyogeuka joka, hilo tu, si ndiyo maana wametengeneza filamu ya kueleza mwanzo wa ile ya zamani, tena kwa pesa ambazo zingetosha kututengenezea barabara mpaka Kabambare na madaraja juu, na bado inachosha hivi, farasi, mlima, farasi, kijana mzuri anaangalia mbali halafu analia... "Ya Soraya, mujomba anaingia saa ngapi?" huyo anayeniita dada ni Bruno, mchimba dhahabu, ametoka Salamabila kwa pikipiki, vumbi bado liko kwenye nyusi, "Na hii majivu inatoka wapi, kama mujomba hajageuka joka bado?" na watu wanacheka, na ana haki, theluji baba yangu, Papa, aliyekuwa akitafsiri kabla yangu, aliiita majivu ya joka, tukakubali sote tangu zamani, sasa joka halijatokea na majivu yamejaa nchi nzima, ee Papa, umeniachia kazi gani hii, mzee Hemedi mwenyewe yule pale benchi la mbele na kofia yake ya Ijumaa, tangu augue koo sauti yake haivuki mkeka, ndiyo maana leo nimeshika mimi, mara ya kwanza, na nikishindwa watasema Hemedi alikuwa mwongo, kwa sababu ni yeye, ni yeye aliyemweka mjomba kwenye filamu! Sasa ndiyo naelewa, ile ya zamani niliiona Kindu kwa shangazi, kwa Kifaransa chake, nikangoja pale Prensi anapoinua upanga joka liseme, "Mutoto wa dada yangu, ukiniua miye, nani atakubariki siku ya ndoa yako?", likafungua kinywa likanguruma tu, nikamwambia shangazi hii CD wameikata, mtafute nyingine, nikabishana naye mpaka chakula kikapoa, loo, mjinga mimi, hakuna aliyekata kitu... kwa hiyo Papa, miaka yote hiyo, mbele ya watu, ulikuwa unatunga! na sisi tulilia! na Bruno huyu, aliyekuwa hasemezani na mjomba wake wa Lusangi kwa ajili ya shamba, alitoka humu macho mekundu akampelekea kuku, wakapatana, mwanawe wa kwanza kampa jina la mjomba, sasa nimwambie nini, samahani, yule hakuwa mjomba wa mtu, ni nyoka tu mwenye mabawa... nimekasirika, hapana, nataka kucheka, nacheka kwelikweli, kiganja juu ya mikro, maana kumbuka vizuri, Soraya, ile ya zamani ukimtoa Papa ilikuwa na nini, farasi, mlima, kijana anaangalia mbali, inachosha vilevile, kule Kindu nilisinzia, na nilisinzia kwa sababu Papa hakuwemo, kumbe filamu tunayoipenda hakuna aliyeiona ila sisi, waliotengeneza wenyewe hawaijui, maskini, wangefika Kasongo wangeiona... "Mujomba! Mujomba!" sasa ni benchi zima, wanapiga miguu chini, na Papa amegeuka ananitazama, nikadhani nitaona uso wa mtu aliyefumaniwa, wapi, anatabasamu, ameinua nyusi, uso uleule wa siku ile aliponifundisha baiskeli akaachia kiti bila kunionya, na nampenda, mzee mwongo huyu, nampenda sana, na farasi bado wanatembea, hawachoki, nyuma kabisa ya msururu kuna mmoja aliyejifunika koti jeusi, hana jina, hasemi neno, labda waliotengeneza waliambiana tu mpandisheni yule naye juu ya farasi... naweka mdomo kwenye mikro. "Mutulie," nasema, "muangalie ule wa nyuma, mwenye koti nyeusi. Ule njo mujomba. Dada yake alimukana. Anaambia watu ya kama yeye iko mutoto wa pekee, hana kaka." Benchi zima linainama mbele kumtafuta, farasi wanatembea, na nyuma kule namsikia Bruno, polepole, kama anaongea na mtu wa kwao, "Ee, mujomba... pole."